Mkanda wa Akiba

Leo tungependa kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo cha mpira, kitu ambacho mtu akikikuta kando ya njia hata hainami kukiokota. Kitu hicho ni mkanda wa mashine ya maji. Labda baadhi yenu mtauliza, "Mkanda una neno gani la kutufundisha sisi?" Lakini ninyi mnaotusikiliza kutoka Garissa, na Dadaab, na Liboi, na Habaswein, na huko mbele mpaka Wajir na Mandera, hamtauliza hivyo. Ninyi mnajua kwamba wakati wa jilaal, miezi ile ya Januari hadi Machi ambapo jua halina huruma, uhai wa kijiji kizima waweza kuning'inia kwenye mkanda mmoja.

Kwanza na tukumbushane jinsi maji yanavyopatikana katika nchi ile. Watu wa mji wa Garissa wana mto Tana. Mto hupanda na kushuka, na mara nyingine huleta mafuriko, lakini upo. Aliye karibu nao hushuka na mtungi wake akateka. Wajir hakuna mto, lakini watu wa pale tangu zamani wamechimba visima vifupi kwa mikono yao katika mawe ya chokaa. Huko maji huvutwa kwa ndoo na kamba, na wachungaji huimba wakiwanywesha ngamia wao. Kamba ikikatika, mtu huleta kamba nyingine, hufunga fundo, na wimbo huendelea.

Lakini kati ya Tana na Wajir kuna nchi pana sana. Ukitoka Garissa kwenda Wajir unasafiri zaidi ya kilomita 300, na katika safari hiyo hutaona mto unaotiririka mwaka mzima. Hata hivyo, chini ya sehemu kubwa ya nchi hiyo mna maji. Wataalamu wameliita tabaka hilo Merti. Ni mchanga na changarawe zilizobeba maji, nalo limelala chini ya bonde la Lagh Dera, kupita Habaswein hadi Dadaab na mpaka wa Somalia. Wakimbizi walipoanza kufika Dadaab mwaka 1991, maji hayo ndiyo yaliyowapokea, nao wanayanywa hata leo. Ila yako mbali chini, mahali pengi zaidi ya mita 100. Hapo hakuna ndoo itakayofika, wala mkono utakaovuta. Hapo panatakiwa mashine.

Kwa miaka mingi mashine yenyewe ilikuwa injini ya dizeli, na mara nyingi ilikuwa Lister, iliyotoka mji wa Dursley huko Uingereza. Wazee wengi wanaujua mlio wake: tu, tu, tu, polepole, unaosikika mbali sana usiku. Ndani ya kisima mna bomba refu, na ndani ya bomba mna mhimili wa chuma unaozunguka. Kule chini kabisa, mwisho wa mhimili, kuna chuma kilichosokotwa kama skrubu, kikizunguka ndani ya ala ya mpira, na kila mzunguko husukuma maji juu. Aina hii ya pampu ilibuniwa na Mfaransa mmoja, René Moineau, karibu na mwaka 1930.

Basi, huku kuna injini yenye nguvu, na kule kuna pampu iliyo tayari kufanya kazi. Lakini injini haigusani na pampu. Kati yao kuna nafasi ya hatua moja au mbili, na nafasi hiyo huvukwa na mkanda. Zamani mikanda ilikuwa ya ngozi au turubai, mipana na bapa, nayo ilichomoka mara kwa mara. Mwaka 1917 John Gates wa Denver, Marekani, alitengeneza mkanda wa mpira wenye umbo la kabari, mpana juu na mwembamba chini, unaokaa ndani ya mfereji wa puli. Kadiri unavyovutwa, ndivyo unavyojikaza na kushika. Ndio mkanda tunaoujua leo kila mahali, kwenye pampu, kwenye kinu cha kusaga unga, hata kwenye lori.

Mkanda huo ukikatika, injini haijui. Injini huendelea kunguruma, tena hunguruma kwa wepesi kuliko kwanza, maana haina mzigo. Mtu aliye mbali akiusikia mlio husema, "Maji yapo." Naye hupakia mitungi juu ya punda akaja. Akifika hukuta hori kavu. Ndugu zetu, huko ni kufanya kelele nyingi bila kuleta tone la maji.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Tuseme kisima kinatoa lita 5,000 kwa saa. Siku hiyo ni zamu ya ng'ombe 500. Katika joto lile tuhesabu lita 30 kwa kila ng'ombe: hizo ni lita 15,000, saa tatu za kazi. Ngamia 100 wamekuja nao, na ngamia aliyekaa siku nyingi bila maji aweza kunywa lita 100 kwa kituo kimoja: lita 10,000, saa mbili. Tia mbuzi na kondoo 2,000, lita nne kila mmoja: lita 8,000. Tia familia 200, kila moja na lita 40 tu za kupikia na kunywa: lita 8,000 tena. Jumla ni lita 41,000, nazo ni zaidi ya saa nane za mashine. Sasa mkanda ukatike, na mashine ilale siku mbili. Siku ya tatu kuna kazi ya mchana kutwa na usiku kucha inayongoja, na wanyama wenyewe hawakungoja. Ngamia atavumilia. Ng'ombe hawezi. Na mtoto mchanga hawezi hata kidogo.

Mkanda huo unauzwa wapi? Waweza kupatikana Garissa. Usipopatikana Garissa utatafutwa Nairobi, katika maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, mwendo wa kilomita kama 370 kutoka Garissa. Hiyo ni wakati wa njia njema. Mvua za El Nino zilipopiga mwishoni mwa mwaka 1997, barabara za Kaskazini Mashariki zilikatika. Mwezi wa Novemba 2023 mafuriko yalikata tena njia karibu na Garissa. Kwa hiyo tusidhani kwamba hatari iko katika ukame peke yake. Njia hufungwa na mchanga, na hufungwa na maji pia.

Labda msikilizaji mmoja atasema, "Mambo hayo ni ya zamani. Siku hizi kisima chetu kina jenereta na pampu ya umeme iliyozamishwa ndani ya maji," au, "Sisi tumewekewa mitambo ya jua." Ni kweli, na tunashukuru. Lakini, ndugu yetu, fungua kifuniko cha jenereta yako utazame. Kama injini yake inapozwa kwa maji, mara nyingi utaona pale mbele mkanda unaozungusha feni. Huo ukikatika, injini itachemka, na kama hakuna aliye karibu kuizima, itaharibika kwa gharama ambayo kijiji hakiwezi kulipa. Mkanda umebadilisha mahali tu, haukuondoka. Na hata mwenye mitambo ya jua ana kitu chake kidogo ambacho kikiharibika kila kitu husimama.

Basi na tutazame jinsi fundi mwema anavyobadili mkanda wa pampu. Tutakwenda hatua kwa hatua, maana kila hatua ina faida yake, kwa mashine na kwa maisha.

Hatua ya kwanza, fundi huzima injini, tena huondoa hendeli ya kuwashia akakaa nayo. Hafanyi kazi huku mtu mwingine aweza kuiwasha. Vilevile hangoji injini tu inyamaze. Hungoja mhimili wa pampu nao utulie kabisa. Maji yaliyobaki ndani ya bomba yanaporudi chini yaweza kuuzungusha mhimili kinyumenyume, na vidole vingi vimepotea kwa sababu ya haraka ya dakika moja. Watu wakiwa na kiu hupiga kelele, "Fanya upesi! Fanya upesi!" Fundi mwema huwasikia, lakini hawatii katika jambo hili. Mkono ukikatika, maji hayatakuja upesi zaidi.

Hatua ya pili, huondoa kinga ya wavu iliyofunika mikanda, kisha hulegeza bolti za injini na kuisogeza kuelekea pampu, mpaka mikanda ilegee yenyewe. Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu mvivu hataki kulegeza bolti. Huchukua nondo, au bisibisi, akaupenyeza mkanda mpya kwa nguvu juu ya ukingo wa puli. Mkanda utaingia, na mashine itawaka, na watu watampigia makofi. Lakini ndani ya mkanda mna nyuzi zinazobeba nguvu yote, na zile nyuzi zimekwisha vunjika mahali pamoja. Nje hauoni kitu. Baada ya siku chache mkanda hukatika, naye husema, "Mikanda ya siku hizi ni mibovu." Sivyo. Mkanda uliumizwa siku ulipozaliwa kazini. Ndivyo ilivyo hata kwa kijana anayeingizwa katika kazi au katika ndoa kwa kulazimishwa. Huenda akaonekana ameingia. Lakini mumlegezee kwanza nafasi, aingie bila kuvunjika.

Hatua ya tatu, fundi hauchukui mkanda wa zamani na kuutupa. Huusoma. Kwanza husoma namba iliyoandikwa mgongoni. Herufi huonyesha upana: A ni milimita 13, B ni milimita 17, C ni milimita 22. Namba inayofuata mara nyingi ni urefu wa ndani kwa inchi. Kwa hiyo B 75 si sawa na B 80, ingawa kwa macho ni ndugu. Tena fundi husoma majeraha. Kama pande zake zinang'aa kama kioo, mkanda ulikuwa mlegevu, ukateleza na kuungua. Kama umechakaa upande mmoja tu, puli mbili haziko katika mstari mmoja. Kama umevimba na kuwa laini, mafuta yanavuja mahali fulani. Kama una nyufa nyingi upande wa ndani, ni joto na uzee. Na kama umekatika ghafula ungali mzima, labda uliingizwa kwa nondo, au jiwe lilirushwa ndani kwa sababu wavu haukurudishwa.

Wapendwa, hapa tungependa tukae kidogo, maana hili ndilo jambo kubwa la leo. Mkanda ukikatika mara moja, ni mkanda. Ukikatika mara tatu katika mwezi mmoja, si mkanda tena. Ni kitu kingine, na mkanda unajaribu kukuambia. Yeye anayebadili mkanda bila kutafuta sababu amenunua siku chache tu. Na mkanda wake wa akiba umekwisha kuliwa na kosa lile lile lililomla wa kwanza. Mara ngapi nyumbani tunafanya hivyo? Ugomvi unazuka juu ya chumvi iliyozidi katika mboga, tunapatana. Kesho unazuka juu ya mlango ulioachwa wazi, tunapatana tena. Kila siku tunavika mkanda mpya juu ya puli zilizopinda. Chumvi haikuwa sababu. Tafuta mahali ambapo hamko katika mstari mmoja.

Hatua ya nne, basi, ni kunyosha mstari huo. Hakuna chombo cha bei kubwa kinachohitajika. Uzi unatosha. Fundi huuvuta uzi kutoka uso wa puli ya injini hadi uso wa puli ya pampu. Kama zote mbili zimekaa sawa, uzi utagusa pande mbili za kila puli, mahali panne kwa jumla. Ukiacha nafasi mahali pamoja, husogeza injini kidogo mpaka nafasi iondoke. Kisha hufuta mifereji ya puli kwa kitambaa kikavu. Hatii sabuni, wala grisi, wala mafuta yoyote ili mkanda uache kulia. Mkanda unaolia una haki ya kulia. Usiuzibe mdomo, bali uondoe kinachouumiza.

Hatua ya tano, kama pampu ina mikanda mitatu sambamba, fundi hubadili yote mitatu pamoja. Hapo ndipo mwenye kamati ya maji hupandisha sauti: "Mmoja tu ndio umekatika! Mbona mnataka kununua mitatu?" Lakini mkanda wa zamani umekwisha nyooka, na mpya bado ni mfupi. Mkiwafunga pamoja, mpya utabeba mzigo wa wenzake wote, nao utakatika kabla ya wakati wake. Hekima ni kununua mitatu ya namba moja, na ile miwili ya zamani iliyo mizima kuitunza kwa siku ya shida. Wazee wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Na mkanda mmoja mpya hauwezi kuwavuta wawili waliochoka. Mkimwajiri kijana mmoja mwenye bidii na kumwachia kazi ya watu wote kwa sababu eti yeye ana nguvu, mtampoteza.

Hatua ya sita ni kukaza. Fundi huirudisha injini nyuma mpaka mikanda ishike, kisha hubonyeza katikati kwa kidole gumba. Kipimo cha mafundi ni kama milimita 16 za kubonyea kwa kila mita moja ya nafasi kati ya puli na puli. Ukilegea kupita hapo, utateleza na kuungua. Ukikaza kupita hapo, utavunja beringi za injini na za pampu, na beringi ni ghali kuliko mikanda. Wako watu ambao wamelegea katika kila neno, na hakuna nguvu inayopita kwao. Wako wengine waliokazwa mno hata kila aliye karibu nao huumia. Mahali pema ni pale ambapo ukibonyezwa unakubali kidogo, halafu unarudi mahali pako.

Hatua ya saba, fundi huzungusha mashine kwa mkono kwanza, hurudisha wavu wa kinga kabla ya kuwasha, na ndipo huwasha. Usisahau wavu, ndugu yetu. Watoto huja kisimani, na kina mama wamevaa nguo ndefu, na wazee wamevaa vikoi vyao, na upepo wa jilaal hauna adabu. Shuka ikishikwa na mkanda, hakuna atakayewahi kuzima. Tena fundi haendi zake moja kwa moja. Mkanda mpya hunyooka kidogo ukianza kazi, kwa hiyo kesho yake hurudi, huzima, hubonyeza, hukaza tena. Kazi ya jana haijaisha mpaka imetazamwa leo.

Hizo ndizo hatua saba. Mtu aliyezizoea huzimaliza kabla ya asubuhi kwisha. Lakini mmeona kwamba zote zinategemea jambo moja: mkanda wa pili uwepo. Kama haupo, fundi hodari na asiye fundi ni sawasawa; wote wawili watakaa kivulini wakitazama barabara.

Basi kwa nini haupo? Si kwa sababu ya bei. Mkanda mmoja haufikii bei ya mbuzi mmoja. Haupo kwa sababu siku ambayo maji yanatoka vizuri, hakuna anayeuona uhitaji. Na siku ambayo haja inaonekana, ni kuchelewa. Wakati wa gu, mvua zikiwa zimenyesha kuanzia Aprili, mabwawa yamejaa, mifugo imetawanyika malishoni, na kisima kimepumzika. Wakati huo kamati ina fedha kidogo katika sanduku, na huyu anasema zinunuliwe rangi za kupaka nyumba ya mashine, na yule anasema zigawanywe. Mtu akisimama na kusema, "Tununue mikanda mitatu," watu humcheka. Lakini huyo ndiye anayewapenda watoto wao. Wahenga walisema akiba haiozi. Mtu aliyeona ukame wa 1984, au wa 2011, au ule wa 2020 hadi 2022, mvua za misimu mitano zilipokosa mfululizo na mifugo ikafa kwa wingi, hacheki akisikia neno akiba.

Tena mkanda wa akiba wataka kutunzwa. Usiuning'inize kwenye msumari juani, wala usiuweke sakafuni karibu na pipa la dizeli. Jua na mafuta huuza mpira kabla haujafanya kazi. Uviringishe bila kuukunja, utie katika mfuko, uweke mahali penye baridi na giza, na watu wawili wajue ulipo. Imetokea mahali pengi kwamba akiba ilikuwapo, lakini ufunguo wa sanduku ulikuwa mfukoni mwa mtu aliyekwenda Nairobi.

Na neno hilo linatuongoza kwa jingine. Ujuzi nao wahitaji akiba. Katika visima vingi kuna mwendesha mashine mmoja, na yeye peke yake ndiye ajuaye namba ya mkanda na bolti ya kulegeza. Akiugua, au akisafiri kwenda kuzika, kisima kimeugua pamoja naye. Wewe uliye fundi, usifiche kazi yako ukidhani kwamba ndiyo itakayokuheshimisha. Chukua vijana wawili, mvulana na msichana, wakae karibu nawe utakapobadili mkanda safari ijayo. Washike spana wao wenyewe. Andika namba ya mkanda ukutani kwa rangi, kubwa, isomeke. Heshima ya fundi si kwamba asipokuwapo kila kitu kinakufa. Heshima yake ni kwamba asipokuwapo maji yanatoka.

Jambo hili si la nchi kavu peke yake. Wengi wenu mna ndugu waliohamia Marekani, katika jimbo la Minnesota, mahali ambapo wakati wa baridi theluji hufunika nchi yote kama mchanga mweupe. Watu wa kaskazini huko hutumia gari dogo la kupita juu ya theluji. Mmoja wa waanzilishi wa magari ya namna hiyo alikuwa Joseph-Armand Bombardier wa Valcourt, katika jimbo la Quebec, Kanada. Mwaka 1934 mtoto wake mdogo aliugua tumbo, theluji ikafunga njia ya hospitali, na mtoto akafa. Baba aliendelea na kazi ya kutafuta chombo kitakachopita pale ambapo gari haliwezi, na mwaka 1959 kiwanda chake kilitoa gari dogo liitwalo Ski-Doo. Na katika magari ya aina hiyo, nguvu ya injini hupita wapi? Hupita kwenye mkanda wa mpira. Kwa hiyo msafiri mwenye busara huko hatoki kwenda mbali bila mkanda wa pili ndani ya gari lake, pamoja na vifaa vya kuubadili. Yule hufa kwa baridi, na huyu wa Liboi hufa kwa kiu, lakini kinachowaokoa wote wawili ni kile kile: kitu kidogo kilichowekwa mapema na mtu aliyefikiri.

Mnakumbuka habari ya wanawali kumi katika Injili ya Mathayo, watano wenye busara na watano wapumbavu. Wote walikuwa na taa, na wote walilala. Tofauti ilikuwa chupa ndogo ya mafuta ya akiba. Wengine huwalaumu wale watano kwa kuwanyima wenzao, huwaita wachoyo. Lakini mtu wa kisimani anawaelewa. Mkanda wa Habaswein hautaingia kwenye puli ya kisima chako kama namba si moja, hata mwenyewe akupe kwa moyo wote. Viko vitu ambavyo haviazimwi saa ya shida. Uaminifu hauazimwi, wala subira, wala ujuzi wa mikono, wala mapatano nyumbani. Hivyo huwekwa mapema.

Na tukumbuke pia kwamba kisima hakiulizi mtu ni wa ukoo gani, wala anasali wapi. Maji ya Merti yanapita chini ya wote. Anayetunza mkanda wa kijiji anamtunza jirani asiyemjua, na mgeni atakayefika usiku na punda wake, na ngamia ambaye hawezi kusema asante.

Basi wiki hii, ndugu zetu, fanyeni jambo moja dogo. Kama mko katika kamati ya maji, ulizeni: mkanda wa akiba uko wapi, namba yake ni ngapi, na nani anajua kuubadili? Kama mna kinu cha kusaga, au lori, au jenereta, ulizeni vivyo hivyo. Na kama hamna mashine yoyote, ulizeni katika nyumba zenu: ni kitu gani kidogo kinachobeba nguvu yetu yote, na kikikatika kesho, tumeweka nini? Ulizeni sasa, wakati maji yanatoka.

Mungu awalinde, awape mvua kwa wakati wake, na hekima wakati ambapo mvua haipo.